Kabla kikundi chenu hakijafunga safari ya kujitolea ng'ambo

Nimesafiri na vikundi vya kujitolea kama mshiriki, na baadaye kama kiongozi. Wanaoniomba ushauri huanza kwa kuuliza wabebe nini. Nami huwauliza: kazi hiyo kaiomba nani? Kama hamwezi kumtaja mtu au kamati ya huko iliyoiomba, ahirisheni safari.

Safari iliyonipa moyo kuliko zote ilikuwa ya kuchimba mtaro wa bomba la maji. Tulipofika, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshapigilia vigingi njia nzima. Mkononi alikuwa na daftari la kaya zote, na mbele ya kila jina mchango wa mwezi wa kununulia vipuri. Fundi alikuwa wa palepale. Sisi tulichimba alipotuonyesha na kufukia alipotuambia, na mhandisi tuliyekuwa naye alitoa maoni alipoulizwa kuhusu mwinuko wa tangi. Siku tuliyoondoka kazi haikusimama, kwa sababu haikuwahi kututegemea sisi.

Kwenye jambo moja silegezi kamba. Msipeleke kikundi kwenye kituo cha watoto yatima kwenda kucheza nao wiki mbili na kurudi. Katika nchi kama Kambodia na Nepali, UNICEF imeonyesha kwamba wengi wa watoto walio vituoni wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Wageni wenye pesa wanapotafuta yatima wa kuwahudumia, hujitokeza watu wa kuwatoa watoto majumbani mwao ili vituo vijae. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozitaka nchi kukabili madhara ya programu za kujitolea katika vituo hivyo. Na hata kituo kikiwa safi, mtoto anamzoea mtu, mtu anaondoka, anakuja mwingine. Mwenye uchungu na watoto asaidie familia zao ziweze kukaa nao.

Misaada ya vitu nayo ina hatari zake, hasa dawa. Baada ya tsunami ya 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipokea maelfu ya tani za dawa, nyingi zikiwa na maelezo katika lugha ambazo wahudumu wa pale hawakuzisoma, na ikabidi zitafutiwe namna ya kuteketezwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada, kwa kawaida, iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika. Masalio ya kabatini yabaki nyumbani.

Makaratasi msiyaache dakika za mwisho. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi, kwa hiyo viza ya utalii huenda isitoshe. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Bima iwe inayolipia kumsafirisha mgonjwa. Wanafunzi wa udaktari wasiguse kile wasichoruhusiwa kukifanya kwao. Mwili wa maskini si wa kujifunzia.

Ndani ya kikundi, ugomvi mwingi niliouona ulitokana na uchovu na pesa. Fedha zishikwe na watu wawili, na hesabu isomwe mbele ya wote. Kila jioni kaeni kidogo, aliyechoka aseme amechoka. Picha za watoto msipige bila idhini ya wazazi, na picha ya mgonjwa kitandani msipige kabisa.

Halafu kuna swali ambalo vikundi vingi hulikwepa. Jumlisheni nauli zenu zote, kisha waulizeni wenyeji waziwazi wangezifanyia nini kama mngezituma badala ya kwenda. Kikundi kimoja nilichokishauri kiliuliza, wakajibiwa kuwa kinachohitajika ni vipuri vya pampu na mtu wa kuwafundisha vijana kuitengeneza. Wakaenda wawili wenye ujuzi huo. Wengine walibaki, na nauli zao zikanunua vipuri.