Jibu: Kinamasi au bwawa?

Salaam ndugu. Umeuliza kama sentensi yako, "Ng'ombe wamenasa kwenye bwawa," imekaa sawa. Kwanza angalia maji yenyewe. Yakiwa yametuama pamoja, unayaona, hilo ni bwawa, liwe la asili au la kuchimbwa. Lakini ardhi ikiwa imelowa mpaka chini, ukikanyaga mguu unadidimia, ukiuchomoa shimo la unyayo linajaa maji papo hapo, hicho ni kinamasi. Ng'ombe hunasa hapo, kwa hiyo mimi ningeandika "wamenasa kwenye kinamasi." Ngeli ni ki-vi: kinamasi hiki, vinamasi hivi.

Liko pia tingatinga, neno ninalolipenda sana kwa maana hii, ila msomaji wa leo atafikiria trekta kwanza, basi linahitaji sentensi inayolibeba. Barabara baada ya mvua ina tope tu, usiiite kinamasi. Ukitaka kivumishi, sema ardhi chepechepe.

Neno ardhioevu nalo ni pana mno kwa sentensi yako: katika Mkataba wa Ramsar wa 1971, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, hata maziwa na mikoko vimo.