Mtoto alifaulu vizuri la saba, sekondari anaporomoka: mzazi niliyeishia la saba nilivyowasaidia wangu

Dada, umesema binti yako alipata A darasa la saba shule ya serikali, na sasa ripoti ya kwanza ya kidato cha kwanza imekuja na F za Biology na Geography, nawe uliishia la saba, huwezi kumfundisha. Wengi waliokujibu wamekushauri tuisheni. Naomba hela hiyo uishike kwanza. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, elimu yangu ni kama yako, na wanangu watatu wamepita njia hiyohiyo.

Binti yako akili zake ni zilezile. Miaka saba amefundishwa kwa Kiswahili, Januari akaingia darasani akakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Yale mafunzo ya awali ya wiki chache mwanzoni mwa kidato cha kwanza hayatoshi kuziba pengo la miaka saba. Kwa hiyo ananakili ubaoni asichokielewa, anakariri, na mtihani ukigeuza swali kidogo anakwama. Hatari kubwa ni aanze kuamini kwamba hana akili. Kwa hiyo usimchape kwa F hizo, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni hiki: kila jioni mtoto anafungua daftari na kunieleza kwa Kiswahili alichosoma siku hiyo. Mkubwa wangu alinisomea ukurasa mzima kuhusu mmeng'enyo wa chakula, nikamuuliza maana yake, akanyamaza. Nikamwambia, haya, ukimeza tonge la ugali linapita wapi? Akaanza: mdomoni, kwenye umio, tumboni, utumbo mwembamba. Katikati akasimama, "Mama, kumbe hiki tulishasoma msingi!" Tangu hapo akawa akipata mada mpya anajiuliza kwanza anajua nini tayari. Kazi yako wewe ni kusikiliza na kuuliza: kwa nini? halafu? nipe mfano. Asipoweza kukueleza hata kwa Kiswahili, hapo hajaelewa. Aweke alama pembeni, kesho akamuulize mwalimu.

Nyuma ya daftari aandike maneno magumu ya siku hiyo na maana zake. Mnunulie kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, hata ya mtumba inafaa. Kama una simu janja, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, vinasomwa bure.

Jambo la pili nitalisema wazi kwa kuwa ni binti. Anarudi saa kumi, anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anambeba mdogo wake, anashika daftari saa tatu usiku macho yakifumba, huku kaka yake yuko uwanjani. Sijui kwako ikoje, lakini nyumba nyingi ninazozijua ziko hivyo na inaniuma. Gawa kazi. Kaka achote maji, vyombo waoshe kwa zamu, na binti awe na saa moja na nusu yake kabla giza halijaingia. Hili halikugharimu hata shilingi.

Nenda shuleni kabla hujaitwa. Wazazi wengi tunaonekana siku ya kikao cha michango au mtoto akiwa na kesi. Muone mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa Biology, na umuulize mtoto anakwama wapi. Beba madaftari. Kwa mwanangu wa pili, mwalimu wa hesabu ndiye aliyegundua kwamba njia anazijua ila anakosea kunakili namba za ubaoni. Tulipompeleka hospitali kupima macho ikaonekana haoni mbali. Alipata miwani, akahamishiwa dawati la mbele, hesabu zikaanza kupanda. Tuisheni isingeliona hilo.

Na chakula. Ada za shule za serikali hadi kidato cha nne ziliondolewa kuanzia 2016, lakini chakula cha mchana kwa wanafunzi wa kutwa bado kinabebwa na sisi wazazi. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, lipa chakula. Mtoto aliyetoka alfajiri na chai ya rangi, vipindi vya mchana havimwingii.

Tuisheni ije baadaye, kwa somo moja ambalo mmeshajua anakwama wapi. Kwetu lilikuwa hesabu, likizo tu.

Upimaji wa taifa uko kidato cha pili, na asiyefikia kiwango hurudia darasa, kwa hiyo muda bado mnao ila msiupoteze. Anzeni na Biology jioni hii, kwa sababu mada nyingi za mwanzo ameshazigusa kwenye sayansi ya msingi na ataona mafanikio mapema. Geography ifuate akishazoea kukueleza.