Kwa anayeanza kuchunguza historia ya baraza lililofutwa

Ndugu unayeanza utafiti kuhusu serikali za mitaa za Uingereza, nianze na neno lenyewe, “kufutwa”, kwa kuwa ndilo lililonipotosha mimi. Kwetu Tanzania mabaraza ya madiwani huvunjwa uchaguzi mkuu unapokaribia, kisha madiwani wapya huapishwa na kazi ikaendelea. Mabaraza sita ya kaunti za miji mikubwa ya Uingereza, pamoja na Baraza la London Kuu, hayakuvunjwa kwa maana hiyo. Yalifutwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1985, na ilipoingia tarehe 1 Aprili 1986 hayakuwepo tena. Hata uchaguzi wao wa Mei 1985 haukufanyika. Madiwani waliokuwepo waliongezewa muda hadi siku ya mwisho.

Mimi nilichagua South Yorkshire, mojawapo ya kaunti hizo sita, na kosa langu lilikuwa kusoma kumbukumbu za vikao jalada baada ya jalada, kuanzia mwaka 1974, nikiamini kwamba historia ya baraza inakomea pale ambapo kumbukumbu zake zinakoma. Nilipoteza miezi minne. Ningeanza leo, ningechukua jukumu moja na kulifuata: nani alilibeba, kwa fedha zipi, na baada ya mwaka 1986 lilikwenda kwa nani.

Kwa South Yorkshire jukumu hilo ni mabasi. Baraza, lililokuwa mikononi mwa chama cha Labour tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1973, lilizuia nauli zisipande kuanzia mwaka 1975, na pengo likazibwa kwa ruzuku iliyotokana kwa sehemu na kodi ya majengo, wakati mfumuko wa bei ukipandisha karibu kila kitu kingine. Mtoto alipanda basi kwa peni 2. Nilipomuuliza mama mmoja mzee wa Barnsley, mji uliokuwa makao makuu, kuhusu baraza la kaunti, alinitazama tu. Nilipotaja zile peni 2 akaanza kunihesabia vituo alivyopita akienda shule, kimoja baada ya kingine, na kalamu yangu ikashindwa kumfuata. Kwa hiyo unapohoji watu, anza na nauli, na baraza lenyewe litajitokeza katikati ya maelezo yao.

Hapa pana mtego ambao nimeona wengi wakinaswa. Nauli zilipanda ghafla mwezi Aprili 1986, baraza lilipoondoka. Lakini soko la mabasi lilifunguliwa kwa makampuni binafsi mwezi Oktoba mwaka huohuo, kwa sheria nyingine kabisa, ile ya Usafiri ya mwaka 1985. Ukiyachanganya mambo hayo mawili utaibebesha sheria moja matokeo ya nyingine.

Kuhusu sababu za kufutwa, serikali ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa chama cha Conservative, ilieleza katika waraka wake wa mwaka 1983 kwamba ngazi hiyo ya kaunti, iliyokuwa juu ya wilaya, haikuwa ya lazima na ilikuwa na gharama kubwa. Wapinzani walijibu kwamba sababu ilikuwa ya kisiasa, kwa kuwa mabaraza yote saba yalikuwa chini ya Labour, chama pinzani, tangu uchaguzi wa mwaka 1981. Soma mijadala ya Bunge, hasa ya Nyumba ya Malord, yaani baraza la juu la Bunge hilo, kabla hujaegemea upande wowote.

Kisha watafute warithi. Polisi, zimamoto na usafiri wa umma vilikabidhiwa kwa bodi za pamoja za wajumbe kutoka wilaya nne za Barnsley, Doncaster, Rotherham na Sheffield. Barabara na mipango miji zilirudi kwa wilaya zenyewe. Madeni na mali zilizobaki zikapewa chombo maalumu cha kumalizia hesabu. Kaunti yenyewe haikufutwa, bado imo kwenye ramani na katika jina la polisi wake. Mwaka 2018 wapiga kura wa wilaya hizohizo nne walimchagua meya mmoja wa pamoja, kwa hiyo usiifunge sura yako ya mwisho mwaka 1986.