Jibu: "Parking" au "estacionamiento"?

Salama mkuu. Unauliza ufuate neno lipi la Kihispania kwa maegesho ya magari: umesikia "parking", lililokopwa Kiingereza, huko Madrid (Hispania), kitabu chako kinasema "estacionamiento". Angalia kwanza kitabu ni cha wapi: Meksiko ni estacionamiento, Hispania ni parking au aparcamiento.

Kinachoponza wengi ni maneno ya Kiingereza yaliyohama maana. Hispania "footing" ni kukimbia mazoezi, na "esmoquin" (kutoka "smoking", kuvuta sigara) ni suti ya sherehe za jioni, haina moshi hata chembe!

Kwenye kuandika, neno la kukopa likianza na s ikifuatwa na konsonanti, tanguliza e: estrés, eslogan, escáner. Sisi hubandika irabu mwishoni (benki, timu), wao mwanzoni. Wingi wa escáner ni escáneres. Wa club utakuta clubs na clubes, yote sahihi. Jinsia mara nyingi weka "el" (ya kiume), ila web kwa kawaida ni "la web" (ya kike).