Bomu likilipuka mjini, ufanye nini kabla ambulensi haijafika?

Uliyeuliza kama raia asiye daktari anaweza kufanya lolote: anaweza, na kubwa kuliko yote ni kuzuia damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu hufa kwa dakika chache, na kwa msongamano wa Moi Avenue, Nairobi, sioni gari litakalomwahi.

Kwanza, ukisikia mlipuko, kaa mbali na dirisha. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa, kulianza mshindo mdogo, watu wa ofisi za jirani wakaenda kuchungulia, kisha bomu lenyewe likawapasulia vioo machoni. Pia usikae eneo hilo kupiga picha. Huenda kuna bomu la pili.

Anza na walionyamaza. Anayepiga mayowe angalau anapumua. Tumia ishara za mikono, maana wengi watakuwa hawasikii.

Mguu au mkono unaobubujika damu ufungwe sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, ila si kwenye goti wala kiwiko. Huna mkanda maalumu? Chana leso (kanga) upate kitambaa chenye upana wa sentimita 4 au zaidi, funga, pachika kijiti kigumu, kisokote mpaka damu ikome, halafu kifunge kisijirudi. Wengi huharibu hapa: majeruhi akilia wanalegeza. Ataumia tu, vumilia. Ukikaza nusunusu, damu inaingia mguuni lakini hairudi, na jeraha linazidi kuvuja. Mshipi wa suruali kwa kawaida haukazi vya kutosha, na waya hukata nyama. Andika saa uliyofunga, tena kwenye ngozi yake, si kwenye karatasi.

Kinenani na kwapani hapafungiki. Shindilia kitambaa ndani ya jeraha mpaka lijae, kisha kandamiza kwa uzito wako dakika 10 bila kuinua mkono kutazama. Kifua na tumbo usishindilie kitu.

Kioo kikiwa jichoni, usikichomoe, usioshe, usibonyeze. Funika kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho.

Anayesema yuko sawa ila anahema au anakohoa damu, mketishe na umwahishe. Mlipuko huumiza mapafu bila kuacha alama nje. Asinywe kitu, hata chai.

Piga 999, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Wanaotembea ndio hudandia boda na matatu mapema, wakajaza hospitali ya karibu kabla mahututi hawajafika. Wenye michubuko waelekeze mbali, kwa mfano Hospitali ya Mama Lucy, ili Hospitali ya Kenyatta ibaki na nafasi.

Aliyebanwa mguu na zege zaidi ya saa moja, msiliinue kwa pupa hata mkiwa wengi. Sumu ya misuli iliyopondeka ikiachiwa ghafla husimamisha moyo. Wahudumu wamtundikie dripu kwanza.