Ekseli ya Hilux kwenye Datsun 1200: pima kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama uchukue ekseli ya nyuma ya Hilux 4x4 uliyoiona kwa muuza skrepa hapo Malindi, uifunge kwenye pikapu yako ya Datsun 1200 unayoitilia injini kubwa. Kwa nguvu haina shida, itabeba. Wasiwasi wangu ni upana. Nenda na futi, pima kutoka uso wa habu, pale rimu inapofungwa, hadi uso wa habu ya pili, kisha upime ya Datsun. Ikizidi sana, tairi zitatoka nje ya bodi, na kukata hafushafti (vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha tairi) ni gharama kuliko ekseli yenyewe. Rimu pia: Datsun ni boliti 4, hiyo ya Hilux ni 6.

Halafu mwambie akufungulie difu, gia za katikati ya ekseli, uhesabu meno. Krauni (gia kubwa) ya meno 41 kwa pinioni (gia ndogo) ya meno 10 ni uwiano wa 4.10, unaishi nayo. Ukikuta 41 kwa 9, barabara ya Mombasa injini itazunguka kwa kasi na kupiga kelele njia nzima. Chovya kidole kwenye oili ya chini. Ikiwa nyeusi, si neno. Ukigusa vipande vya chuma, muachie mwenyewe. Na kwa chumvi ya huku kwetu, gonga nyumba ya difu kwa nyundo upande wa chini, usikie kama imeliwa na kutu. Muuzaji akikataa usigonge, ushapata jibu.

Vikalio vya springi, vile vibao vya kushika ekseli kwenye springi, usichomelee moja kwa moja. Vishike kwa nukta chache tu za kuchomelea, gari isimame kwa tairi zake, upange pembe ya pinioni inavyoelekea propela, ndipo fundi amalizie kidogo kidogo bomba la ekseli lisipinde.