Diski ya mfumo imekufa: je, picha zetu zimepotea?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, tuna seva ndogo ya TrueNAS (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi mafaili) inayohifadhi picha za harusi na za Maulidi za miaka mingi katika diski mbili zinazonakiliana. Baada ya umeme kukatika usiku, haiwaki tena. Fundi anasema flashi yenye mfumo imekufa, na anashauri tufute diski zote tuanze upya. Tukubali?

JIBU: Msikubali hata kidogo. Mfumo ulikuwa katika flashi, ilhali picha zimo katika diski nyingine, na ZFS, yaani njia ambayo TrueNAS hutumia kupanga data katika diski, huandika maelezo ya mkusanyiko wa diski ndani ya diski hizo zenyewe, kwa hiyo mfumo mpya unaweza kuusoma bila msaada wa ule uliokufa. Kwanza chomoeni nyaya za diski za picha, kwa kuwa programu ya kusakinisha hufuta diski yoyote itakayochaguliwa, hata ikichaguliwa kwa makosa. Sakinisheni toleo lilelile katika SSD ndogo, yaani diski ya kielektroniki isiyozunguka (flashi huchakaa upesi kwa kuandikwa kila mara), zimeni, rudisheni nyaya, kisha chagueni kuingiza mkusanyiko uliopo. Msiunde mpya: hapo ndipo watu hupoteza vitu.

Kinachopotea ni mipangilio, yaani watumiaji, folda za pamoja na ratiba. Kama mliwahi kupakua faili yake, irejesheni. Ila kama diski zilisimbwa, yaani data yake ilifungwa kwa siri, tafuteni ufunguo au nywila mapema, maana bila hivyo hakuna fundi, wa Lamu wala wa Mombasa, atakayezifungua.